Kipaji cha Erin Phillips kilizuiliwa kwa miaka 18

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nijadili makala iliyotoka kwenye kurasa zako za michezo kuhusu Erin Phillips, mchezaji wa kwanza kutoka ligi ya wanawake ya futiboli ya Australia, yaani AFLW, kuingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2025. Makala ile iliandikwa kwa Kiswahili kizuri na ninaishukuru, kwa sababu ni nadra gazeti letu kuutupia jicho mchezo ambao nje ya Australia hauna wapenzi wengi. Hata hivyo mwandishi wako alihitimisha kwa kusema kwamba maisha ya mwanamke huyu yanathibitisha kuwa kipaji hakizuiliki. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Adelaide, mji aliokulia Phillips na ambao mpaka leo unamhesabu kuwa mtoto wake, na ninaomba kumwambia mwandishi wako, kwa heshima zote, kwamba maisha hayo yanathibitisha kinyume chake. Kipaji kile kilizuiliwa, tena kwa miaka 18, na waliokizuia wanajulikana.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajauona mchezo wenyewe, niseme kwa ufupi kwamba unachezwa kwenye uwanja wa duaradufu, mara nyingi uleule wa kriketi, kwa mpira wenye umbo la yai. Kila upande una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ni pointi 6, na ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ya pembeni ni pointi 1. Mchezaji haruhusiwi kumtupia mwenzake mpira, bali huuweka kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Hakuna kuotea. Wanaume hucheza 18 kila upande na wanawake 16. Ni mchezo wa kukimbia sana na kugongana sana, na katika majimbo ya kusini mwa Australia watu huzaliwa ndani yake kama watu wa kwetu wanavyozaliwa Simba au Yanga.

Phillips alizaliwa mwaka 1985 katika nyumba ya mchezo huo hasa. Baba yake, Greg Phillips, alikuwa beki wa Port Adelaide aliyetwaa ubingwa wa Australia Kusini mara 8, na ambaye naye yumo katika Jumba la Heshima. Binti alianza kucheza akiwa mdogo, pamoja na wavulana, na kwa maelezo ya wote waliomwona alikuwa miongoni mwa waliocheza vizuri zaidi kati yao. Alipofikisha miaka 13 akaambiwa basi. Hakuwa ameumia, wala hakuwa amechoka au kushindwa kuwamudu wavulana. Kanuni tu ndizo zilizosema kwamba kuanzia umri huo msichana asicheze nao, na pembeni ya timu za wavulana hakukuwa na njia yoyote ya maana ambayo msichana wa umri wake angeweza kuifuata mpaka akaja kulipwa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo makala yako iliporuka haraka mno. Iliandika kwamba Phillips “aliamua kujaribu mpira wa kikapu”, utadhani aliamka asubuhi moja akiwa na hamu ya kitu kipya. Mtoto wa miaka 13 aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe akaenda kukaa kwa jirani hajaamua kuhama. Ni kweli kwamba jirani huyo alimpokea vizuri. Alichezea Adelaide Lightning katika ligi ya taifa, mwaka 2005 akachaguliwa na Connecticut Sun ya ligi ya wanawake ya Marekani, mwaka 2006 alikuwa katika kikosi cha Australia kilichotwaa ubingwa wa dunia, na mwaka 2008 akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Beijing. Alitwaa ubingwa wa Marekani akiwa na Indiana Fever mwaka 2012 na akautwaa tena akiwa na Phoenix Mercury mwaka 2014. Kwa kuwa msimu wa Marekani ni mfupi, alikwenda pia kucheza Poland, kama wafanyavyo wachezaji wengi wa kikapu wanaotaka kuishi kwa mchezo wao mwaka mzima. Agosti 2016 alikuwa Rio de Janeiro na timu ya taifa, na huko Australia ilitolewa na Serbia katika robo fainali.

Sijataja hayo yote ili kurudia sifa ambazo mwandishi wako ameshazitaja. Nimeyataja kwa sababu yanatuonyesha ukubwa wa kilichopotea. Kama mchezo wake wa pili ulimfikisha katika fainali ya Olimpiki, msomaji anaweza kukadiria mwenyewe mchezo wake wa kwanza ungemfikisha wapi angeruhusiwa kuucheza akiwa na miaka 18, 22 au 26. Wapo wanaojibu kwamba alipata maisha mazuri zaidi kwenye kikapu, akaona dunia na kupata medali ambazo futiboli ya Australia haina. Sipingi. Lakini hilo ni jibu kuhusu bahati yake yeye, na halisemi lolote kuhusu wasichana wengine waliosimamishwa katika umri huohuo bila kuwa na urefu, kasi au familia ya kuwapeleka kwenye mchezo mwingine. Hao waliacha michezo kabisa, na hakuna gazeti litakaloandika habari zao kwa sababu hawana habari.

Mwandishi wako pia aliandika kana kwamba vizuizi hivyo vilikuwa desturi ya zamani iliyofifia yenyewe kadiri watu walivyostaarabika. Kumbukumbu hazisemi hivyo. Wanawake wa Australia walicheza mchezo huu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa kike wa maduka mjini Perth walicheza mechi zilizoandikwa na magazeti ya wakati huo. Kilichokosekana kwa karne iliyofuata ni viwanja, makocha, fedha na kibali, na vitu hivyo vyote vilikuwa mikononi mwa vyama na vilabu vya wanaume. Mwaka 2003 wasichana watatu wa jimbo la Victoria, mmoja wao akiwa Penny Cula-Reid, walilazimika kuishtaki ligi ya vijana kwenye baraza la usuluhishi la jimbo kwa sababu walizuiwa kuendelea kucheza na wavulana. Uamuzi uliotoka mwaka uliofuata uliwapa ushindi nusu: umri wa kucheza pamoja ulisogezwa mbele kidogo, lakini waliokwisha kuvuka miaka 14 walibaki nje. Faida kubwa ya kesi ile ni kwamba wakubwa wa mchezo waliona aibu, au waliona hatari ya kesi nyingine, wakaanzisha mashindano ya wasichana. Cula-Reid mwenyewe alikuja kuichezea Collingwood ligi ya wanawake ilipoanza mwaka 2017, miaka 14 baada ya kusimama mbele ya baraza. Hiyo nayo ni sehemu ya historia ya kila mchezaji wa kike anayelipwa leo, na ingestahili angalau aya moja katika makala ndefu kama ile.

Hata baada ya hapo mambo yalikwenda taratibu. Mwaka 2013 chama kikuu kilikubali mechi moja ya maonyesho kati ya wanawake wa Melbourne na wa Western Bulldogs katika uwanja mkubwa wa MCG. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwa mechi hiyo alikuwa Daisy Pearce, mkunga wa hospitali, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimaliza zamu ya kuzalisha akina mama kisha anakwenda mazoezini jioni bila malipo. Ligi yenyewe ilianza tarehe 3 Februari 2017 kwa mechi ya Carlton na Collingwood katika uwanja wa Princes Park mjini Melbourne. Waliingia watu 24,568, milango ikafungwa, na wengine wengi wakabaki nje. Zilikuwa timu 8 tu, na msimu ulikuwa wa mechi 7 na fainali.

Phillips alirudi nyumbani kujiunga na klabu ya Adelaide akiwa na miaka 31, umri ambao wachezaji wengi wa mchezo huu wanaanza kufikiria kustaafu, na baada ya miaka 18 bila kuucheza kwa ushindani. Katika msimu huohuo wa kwanza aliibuka mchezaji bora wa ligi nzima, na Adelaide ilipoifunga Brisbane kwa tofauti ya pointi 6 katika fainali, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mechi. Makala yako iliyasimulia hayo kwa shangwe na ninaielewa shangwe hiyo. Lakini naomba msomaji ayatazame kwa upande wa pili pia. Mtu aliyekaa nje kwa miaka 18 anarudi na ndani ya wiki nane anakuwa bora kuliko wote. Hilo linamsifu yeye, na papo hapo linawasuta wale waliosema kwa miongo kadhaa kwamba ligi ya wanawake isingewezekana kwa sababu wachezaji hawapo.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu ndipo makala ilipoteleza zaidi. Mwandishi wako alichukua malipo ya wachezaji wa sasa, akayageuza kuwa shilingi, akastaajabia mamilioni. Hesabu ya namna hiyo haimwambii msomaji chochote, kwa kuwa mchezaji wa Adelaide halipi kodi ya nyumba kwa shilingi. Katika msimu wa 2017 wachezaji wengi walilipwa dola 8,500 za Australia kwa msimu mzima, kundi dogo likapata dola 12,000, na nyota wawili kwa kila timu wakapata dola 27,000. Mtu hawezi kuishi mwaka mzima mjini hapa kwa dola 8,500. Ni fedha ya kusindikiza mshahara mwingine. Kwa hiyo timu ya mabingwa ilikuwa ni timu ya walimu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo na mafundi waliofanya mazoezi baada ya saa za kazi. Hata kocha aliyewapa ubingwa huo, Bec Goddard, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu kutwaa kombe hilo, alikuwa na kazi katika Polisi ya Shirikisho, na baada ya msimu wa pili aliachana na timu kwa sababu ukocha haukuwa ajira ya kudumu.

Malipo yamepanda, na ni haki kulisema hilo wazi. Kwa mkataba wa mwaka 2022 kima cha chini kilifika dola 39,184. Mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, wanaume na wanawake waliwekwa katika mkataba mmoja wa pamoja, ambao wastani wa malipo ya wanawake ulianza na dola 60,000 na umepangwa kufikia karibu dola 82,000 mwaka 2027. Mwajiriwa wa kawaida wa Australia anayefanya kazi muda wote alikuwa tayari anapata zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka wakati mkataba huo unasainiwa. Maana yake ni kwamba mchezaji wa kulipwa, katika ligi ya juu kabisa ya mchezo mkubwa kuliko yote nchini, mwishoni mwa mkataba unaosifiwa sana atakuwa bado hajamfikia karani. Wastani wa wanaume katika mkataba huohuo unapita dola nusu milioni. Siombi tofauti hiyo iondolewe kesho, kwa kuwa najua fedha za televisheni zinakotoka. Ninaomba tu gazeti lisiiite hali hiyo utajiri.

Kuna hoja ambayo najua italetwa, na ni bora niijibu mwenyewe, kwamba wanawake hawajazi viwanja. Tarehe 31 Machi 2019 nilikuwa Adelaide Oval katika fainali ya Adelaide na Carlton, pamoja na watu wengine, jumla 53,034, idadi ambayo haijafikiwa tena katika ligi hiyo. Ni kweli kwamba kiingilio kilikuwa bure, na ni kweli kwamba miaka mitatu baadaye, fainali ya Adelaide na Melbourne katika uwanja uleule, walikuja 16,712. Lakini katikati ya tarehe hizo kulikuwa na ugonjwa wa korona, ulioufuta msimu wa 2020 bila bingwa kupatikana, na baada ya fainali hiyo ya pili ukaja uamuzi wa kuhamisha msimu kutoka majira ya joto hadi Agosti, kiasi kwamba mwaka 2022 ulikuwa na misimu miwili. Wachezaji waliokuwa wamepanga likizo zao za kazini kwa mujibu wa kalenda ya zamani walitakiwa wakaombe upya kwa waajiri wao. Watazamaji nao waliizoea kalenda ile ya kwanza. Biashara yoyote inayohamisha siku ya gulio kila mwaka isiwalaumu wateja wakipungua.

Siku ile ya 2019 ndiyo iliyonifanya nifuatilie mchezo huu, kwa hiyo naomba nikae hapo kidogo. Phillips alikuwa na miaka 33 na alikuwa anaitawala mechi kwa namna ambayo hata mgeni asiyejua kanuni aliweza kuiona. Katika kipindi cha tatu goti lake liligeuka akaanguka, na uwanja mzima ulijua papo hapo kwamba kano imekatika. Alipotolewa watu walisimama wote wakapiga makofi, na wachezaji wa Carlton waliokuwa wanachapwa walimwendea kumpa pole. Adelaide ilishinda kwa pointi 63 dhidi ya 18. Yeye akatajwa tena mchezaji bora wa fainali, akaja kuchukua medali yake kwa magongo, na siku chache baadaye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mara ya pili. Alirudi uwanjani msimu wa 2020, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa wake wa tatu.

Makala yako ilisimulia goti lile kama jaribu la ushujaa. Kwa wachezaji wenzake ni jambo la kawaida mno. Kukatika kwa kano ya goti hutokea kwa wanawake wa mchezo huu mara kadhaa zaidi kuliko kwa wanaume, na madaktari wa michezo wamekuwa wakijadili sababu kwa miaka: maumbile ya nyonga na goti, viatu vilivyoundwa kwa miguu ya wanaume, na hasa historia ya wachezaji wengi kuanza mazoezi ya nguvu wakiwa watu wazima ilhali wavulana huyaanza wakiwa na miaka 15 au 16. Hiyo sababu ya mwisho inaturudisha palepale kwenye mlango uliofungwa. Msichana aliyesimamishwa akiwa na miaka 13 anapokuja kuruhusiwa baadaye, anarudi na mwili ambao haukuandaliwa kwa migongano hiyo, na kwa mechi 10 au 12 kwa msimu anatakiwa afanye yale ambayo mwanamume ameandaliwa kuyafanya kwa muongo mzima. Goti likikatika anakaa nje karibu mwaka, na kama kazi yake ya mchana ni ya kusimama, kubeba au kukimbia, inamgharimu huko pia.

Lipo pia jambo zito kuliko goti. Katika timu ile ya mabingwa wa 2017 alikuwemo Heather Anderson, mhudumu wa afya wa jeshi. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 28, familia yake ikautoa ubongo wake kwa uchunguzi, na mwaka 2023 watafiti wa Australia walitangaza kwamba walikuta ndani yake ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara, ule ambao kwa miaka mingi umekuwa ukionekana kwa mabondia na wachezaji wa kiume. Alikuwa mwanamichezo wa kike wa kulipwa wa kwanza duniani kuthibitika kuwa nao. Siandiki hili kwa nia ya kuwatisha wazazi wa wasichana wanaocheza. Ninachosema ni kwamba kazi hii ina hatari zilezile za kazi ya wanaume, na mtu anayelipwa sehemu ndogo ya mshahara wa mwenzake hapewi kichwa cha akiba. Makala inayozungumzia maisha ya kulipwa ya mchezaji wa kike bila kulitaja jambo hili inamnyima msomaji kitu ambacho alihitaji kukijua.

Na kama mwandishi wako alikuwa anatafuta uzi unaoufunga mchezo huu na kwetu, ulikuwepo na aliupita. Akec Makur Chuot alizaliwa mwaka 1992 katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, na mwaka 2005 akahamia Perth na familia yake. Hakuwa ameuona mpira wa umbo la yai maishani mwake. Mwaka 2017, ligi ilipoanza, aliichezea Fremantle na kuwa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika katika AFLW. Fremantle haikumwongezea mkataba, na wengi wangeishia hapo; yeye akahamia Melbourne, akajijenga upya katika ligi ya chini, akapata nafasi Richmond, kisha akawa katika kikosi cha kwanza cha Hawthorn klabu hiyo ilipoingia ligini mwaka 2022. Hana medali za Olimpiki na hajatajwa mchezaji bora wa ligi. Pamoja na hayo, kwa msomaji anayetaka kujua maisha ya mchezaji wa kawaida wa ligi hii yalivyo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kuachwa, kuhama mji, kufanya kazi nyingine pembeni, safari ya Chuot ni kioo kizuri kuliko ya Phillips. Phillips ni mtu wa pekee, na wa pekee hatuwezi kumtumia kuhukumu mfumo.

Sitaki nionekane ninamkosoa mtu aliyefanya kazi yake. Mwandishi wako alipata takwimu zote sahihi, isipokuwa mstari mmoja unaosema Phillips alimalizia maisha yake ya mpira katika klabu ya Adelaide. Ukweli ni kwamba kwa msimu wa pili wa 2022 alihamia Port Adelaide, klabu ya baba yake iliyokuwa inaingia ligini kwa mara ya kwanza, akawa nahodha wake wa kwanza na kustaafu hapo mwaka 2023 akiwa na miaka 38. Wengine wanaoijua Adelaide watakwambia kwamba kuhama kutoka klabu moja kwenda nyingine katika mji huu si jambo dogo, na kwamba baadhi ya mashabiki walinuna. Lakini ni nani angemnyima haki ya kuivaa, angalau mwishoni, jezi aliyoikosa akiwa na miaka 13? Jumla ya mechi zake zote katika AFLW, kwa vilabu vyote viwili, hazifiki 100. Wapo wanaume wasiojulikana nje ya mitaa yao ambao wamecheza zaidi ya hizo, kwa sababu tu walianza walipotaka kuanza.

Daisy Pearce naye, yule mkunga, alirudi uwanjani mwaka mmoja baada ya kujifungua mapacha, akaiongoza Melbourne kutwaa ubingwa Novemba 2022 kwa tofauti ya pointi 4 dhidi ya Brisbane, kisha akastaafu. Sasa ni kocha mkuu wa wanawake wa West Coast. Ninamtaja kwa sababu ndiye anayenipa matumaini zaidi katika haya yote: kizazi kilichocheza bila malipo sasa kimeanza kushika nafasi za kuamua nani afundishwe, vipi, na kuanzia umri gani. Leo Adelaide ina timu za wasichana kuanzia watoto wadogo mpaka vijana, na msichana anaweza kupita kote humo bila kuambiwa basi. Hilo ni badiliko la kweli na lina umri wa miaka michache tu.

Mkataba wa pamoja nilioutaja unakwisha mwaka 2027, na mazungumzo ya unaofuata yatahusu mambo mahususi: idadi ya mechi kwa msimu, ambayo mwaka 2025 imefika 12 ilhali wanaume wanacheza 23, ajira ya miezi 12 badala ya ya sehemu ya mwaka, na matibabu ya mchezaji baada ya mkataba wake kwisha. Ningeomba mwandishi wako wa michezo ayafuatilie mazungumzo hayo kwa umakini uleule aliouonyesha katika kusimulia mabao ya Phillips, na atakapoandika, ataje malipo kwa dola pamoja na kodi ya chumba cha Adelaide au Melbourne pembeni yake, ili msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura aweze kupima mwenyewe.

Wasalaam,

Msomaji wenu,
Adelaide, Australia Kusini